Njia Kwanza, Bembea Baadaye

Wiki tatu zilizopita niligusia hapa, kwa aya moja tu, kwamba viwanja vyetu vingi vya kuchezea watoto vimejengwa kana kwamba kila mtoto ana miguu miwili yenye nguvu na macho yanayoona. Aya hiyo imeniletea ujumbe mwingi kuliko makala nzima. Nimechukua maswali manane. Mimi ni fundi wa kuchomelea, si daktari, kwa hiyo yanayohusu mwili wa mtoto nitawasukuma kwa wenye fani yao.

Fundi, salaam. Mtaa wetu umechanga shilingi milioni tatu. Tunataka bembea ile ya jukwaa, mtoto anapandishwa juu yake na kiti chake cha magurudumu. Unatushauri tuinunue? – Mwenyekiti wa mtaa, Morogoro

Mwenyekiti, ningekuwa wewe nisingeinunua. Jukwaa lile ni chuma kizito, na likishabeba kiti na mtoto likaanza mwendo, mtoto wa miaka minne anayekatiza mbele yake akifukuza mpira hana lake. Ndiyo maana wanaozitumia huziweka mbali na bembea nyingine, wakazizungushia uzio wake, na mara nyingi uzio wenyewe hufungwa kufuli mpaka mwenye ufunguo apatikane. Mtoto anabembea peke yake ndani, wenzake wako nje wanamtazama. Hapo umejenga kizimba.

Fanya hivi kwanza. Azima kiti cha magurudumu, ukalie wewe mwenyewe, uanzie pale daladala inaposhusha abiria hadi kwenye bembea mliyo nayo sasa. Usikubali kusukumwa. Utakwama kwenye mtaro wa maji ya mvua, utakwama langoni, na ukifika kwenye mchanga magurudumu ya mbele yatazama na safari itaishia hapo. Kila ulipokwama, chomeka kijiti. Vijiti hivyo ndivyo orodha yenu ya matumizi, na ninaamini sehemu kubwa ya milioni tatu itaishia humo.

Njia iwe na upana wa mita 1.5, ili kiti kipite na mtu akitembea ubavuni, na kiweze kugeuka. Zege si lazima: moramu iliyoshindiliwa vizuri na kuwekewa mfereji wa maji pembeni inatosha kabisa, ila baada ya kila masika mrudi mkaizibe mashimo. Lango liwe na uwazi wa sentimita 90 au zaidi, ukipima lango likiwa limefunguka, maana bawaba na unene wa mlango navyo hula nafasi. Najua mtasema bodaboda nazo zitapita hapo. Zitapita. Nguzo zinazozuia pikipiki huzuia na kiti, na nimeona zaidi ya kiwanja kimoja ambako boda walipata upenyo na mwenye kiti akabaki nje. Pikipiki mtamalizana nazo kwa faini ya mtaa.

Panapopanda, kila sentimita moja ya kwenda juu inadai sentimita 12 za urefu wa mteremko. Hilo nililijifunza kwa aibu. Mwanzoni mwa kazi hizi nilijenga mteremko wa kupandia kibanda cha kuchezea, juu sentimita 60, nami nikaubana ndani ya mita mbili kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu. Hesabu yake halali ni mita 7.2. Siku ya ufunguzi binti mmoja alipandishwa na kaka zake watatu wakihema, kisha akashuka kinyumenyume kwa kasi ambayo sitaki kuikumbuka. Hakuumia. Kesho yake niliubomoa kwa gharama yangu, na tangu hapo natembea na futi kamba hata harusini.

Shikamoo fundi. Mwanangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo na hawezi kukaa bila kushikiliwa. Kuna bembea anayoweza kutengenezewa hapa hapa bila gharama kubwa? – Mama, Tanga

Marahaba mwanangu. Ipo, na wewe uko mahali pazuri, maana Tanga kuna wavuvi wanaojua kusuka nyavu.

Omba bembea ya kitanga. Fundi akunje bomba la chuma liwe duara la kipenyo cha mita moja hivi, alifunike pembeni kwa mpira laini, kisha wavuvi wako walisuke katikati kwa kamba nene ya nailoni, lining'inizwe kwa minyororo minne. Mtoto analala humo chali au ubavu, hana haja ya kukaa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba watoto watatu wanaenea, na nakuambia watagombania kulala na mwanao humo, kwa sababu ndiyo bembea tamu kuliko zote.

Mambo ya kumsimamia fundi. Matundu ya wavu yawe madogo kuliko sentimita 8.9. Vipimo vya usalama vya Ulaya na Marekani vinakubaliana hapo: uwazi wa kati ya sentimita 8.9 na 23 ni mtego, mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Minyororo ipitishwe ndani ya mpira wa maji ili isibane vidole. Na kama atakushawishi atumie tairi chakavu la lori badala ya bomba, akague kwa kiganja kama kuna nyaya zimetokeza, kisha alitoboe upande wa chini. Tairi lisilotobolewa hufuga maji, maji hufuga mbu, na utakuwa umewaletea watoto bembea na homa ya dengue kwa mpigo.

Kabla mwanao hajapanda mara ya kwanza, mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia picha ya bembea na umuulize kuhusu shingo ya mtoto.

Mwalimu mkuu anataka tumwage mchanga kiwanja kizima ili watoto wakianguka wasiumie. Mimi nina wanafunzi wawili wenye viti vya magurudumu. Nani yuko sahihi? – Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma

Nyote wawili, mwalimu, na ugomvi wenu unatatuliwa kwa kamba na vijiti. Mchanga ni wa mahali mtoto anapoweza kuangukia tu: chini ya bembea, mbele na nyuma yake kadiri inavyoruka, na kwenye mwisho wa kiti cha kuteleza. Hapo weka mchanga laini wa mto, uliochekechwa, kina cha sentimita 30, mkauchimbue mara kwa mara maana ukikanyagwa hushikana ukawa kama sakafu. Kwingine kote kubaki na ardhi ngumu. Njia ngumu iguse ukingo wa mchanga, isiishie mita tano kabla.

Nyongeza isiyo na gharama: jengeni meza ya mchanga. Sanduku la mbao lenye kina cha kiganja, lililoinuliwa kiasi kwamba magoti ya aliyekaa kwenye kiti yanaingia chini yake, sentimita 60 hivi kwa watoto wadogo. Walio chini watasimama, walio kwenye kiti watakaa, wote watapika ugali wa mchanga kwenye sufuria moja.

Binti yangu ana ualbino. Watu wakitaja ulemavu kiwanjani wanafikiria magurudumu tu. Sisi je? – Baba, Mwanza

Umesema kweli, na nakiri kwamba hata mimi kwenye michoro yangu ya mwanzo kivuli sikukiweka kabisa. Kwa binti yako kiwanja kisicho na kivuli ni sawa na kiwanja chenye ngazi kwa mtoto wa kiti. Anafika, anaona wenzake, anarudi nyumbani.

Miti ipandwe kabla ya bembea kununuliwa. Mwembe na mwarobaini vinatosha, upande wa magharibi zaidi, kwa kuwa watoto wengi huja baada ya masomo na jua la saa tisa na saa kumi ndilo linalowakuta. Miti ikisubiriwa kukua, ezekeni makuti au nyasi juu ya nguzo. Kumbuka pia macho: watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza, kwa hiyo msipake chokaa nyeupe kila kitu kama halmashauri zinavyopenda wageni wanapokuja. Rangi iliyopoa, isipokuwa kingo za ngazi na viti vya bembea. Hivyo vipakwe njano iliyokoza. Hiyo njano itamfaa na mtoto mwingine asiyeona vizuri, na kama ardhi inayozunguka bembea itabadilika chini ya mguu, tuseme kutoka moramu kwenda mchanga, hata asiyeona kabisa atajua asisogee zaidi.

Losheni ya jua unaijua kuliko mimi. Ya Kilisun inatengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe.

Mwanangu ana usonji. Akiona upenyo anakimbia, na juzi alifika barabarani. Mzazi mmoja akaniambia nimfungie nyumbani. – Mama, Nairobi

Pole sana dada. Uzio wa kimo cha mita 1.2, lango moja tu, na benchi la wazazi likae karibu na lango hilo, si kwenye kona ya mbali penye upepo mzuri. Kisha kona moja ya utulivu, mbali na spika za kanisa au za mwenye duka, kibanda kidogo chenye uwazi wa kuchungulia ambamo mtoto aliyeelemewa na kelele anaingia mpaka apoe. Huyo mzazi mwambie Katiba yenu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana. Akiendelea kubisha, achana naye, msalimie tu kesho.

Tumeomba halmashauri, tukajibiwa kuna asilimia mbili ya walemavu, tuitumie hiyo kujenga kiwanja. Ni kweli? – Kijana, Kahama

Aliyekujibu amekuzungusha, au naye hajui. Asilimia mbili ni sehemu ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi, ya kufanyia biashara, na inarudishwa. Kukopa ili mjengee umma kiwanja na kisha mlipe wenyewe ni maajabu.

Kiwanja cha umma kinatoka kwenye bajeti ya umma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja michezo ya watoto wenye ulemavu kwa jina. Sheria ya Mtoto ya mwaka huo huo inahesabu kucheza pamoja na chakula na mavazi. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Nendeni kwenye mkutano wa mtaa mkiwa na ofisa ustawi wa jamii, hoja iandikwe kwenye muhtasari, ipande kata. Bila muhtasari, mlikuwa mnapiga soga.

Ila hiyo mbili msiitupe. Kama kuna mafundi chuma wenye ulemavu hapo Kahama, waunde kikundi, wakope mashine ya kuchomelea, kisha waombe kazi ya kutengeneza bembea hizo. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, nao wamo. Nimefanya kazi na fundi anayetembelea baiskeli ya mikono. Lango lake huwa na upana sahihi mara ya kwanza.

Niko Texas. Huku nimeona kiwanja ambacho kila mtoto anacheza. Nataka kutuma vifaa vilivyotumika kwa kontena kijijini kwetu Kigoma. Wazo zuri? – Msomaji, Houston

Nadhani umeona Morgan's Wonderland ya San Antonio, iliyofunguliwa 2010, ambako mwenye ulemavu haingii kwa kiingilio. Mwaka 2017 wakaongeza sehemu ya maji yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, visivyo na betri ya kuharibika. Kizuri sana.

Kontena, hapana. Vifaa vya plastiki vilivyokwisha kukaa juani havitakuwa na maisha Kigoma, na boliti moja ikipotea, kwa kuwa ni ya vipimo vya inchi, madukani pale Mwanga, Kigoma mjini, hutaipata. Tena kiti cha kuteleza cha plastiki huzalisha umeme tuli, ambao wataalamu huko kwenu wamewahi kuonya kwamba unaweza kuvuruga kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni. Upandikizaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2017, kwa hiyo watoto hao tunao. Cha chuma ni salama upande huo, ilimradi kikae kivulini, la sivyo utawakaanga.

Tuma vipimo. Jukwaa la kuhamia, lile ambalo mtoto anajihamisha kutoka kwenye kiti chake ili apande kwenye mchezo, huko linatakiwa liwe na kimo cha kati ya sentimita 28 na 45. Lipige picha kila upande, na futi kamba ikionekana. Fundi wa Kigoma atalimaliza kwa siku mbili.

Natumia magongo, na mjukuu hunivuta kiwanjani kila jioni. Hapana pa kukaa. Au swali langu haliwahusu watoto? – Babu, Unguja

Mzee wangu, shikamoo. Linawahusu, kwa sababu usipoweza wewe kufika, na yeye haendi. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45, mgongo wa kuegemea, na mikono pembeni ya kukusaidia kuinuka. Lile la zege lisilo na mgongo ni adhabu.

Na kwa kuwa ni Unguja, waombe wajenge meza ya bao kando ya benchi hilo, upande mmoja uachwe bila kiti ili mwenye magurudumu aingie, nafasi ya magoti sentimita 70. Mashimo yachongwe kwenye ubao, si kwenye zege. Zege linakula kete.