Kamera ya kuona damu inavotembea mguuni: patenti iko wapi hapo?

Swali limetoka Langoni, Lamu: "Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa komputa. Nimetengeneza programu ya simu inayopiga vidio ya mguu wa mgonjwa wa sukari bila kumgusa, halafu inachora ramani ya rangi kuonyesha damu inafika wapi na wapi haifiki. Kwa ngozi zetu nyeusi ilikuwa haishiki vizuri mpaka nikaweka kadi yenye rangi tofauti za kahawia kando ya mguu, programu inachagua rangi iliokaribu na ngozi ya mgonjwa na kuipanga kamera kabla haijaanza kurekodi. Miezi mitano iliopita niliionyesha kwenye maonyesho hapa kisiwani, watu wakapiga picha. Rafiki yangu nesi ndie alienambia mgonjwa ainue mguu kwanza kisha aushushe, ndio tofauti ionekane. Naweza kupata patenti, ama programu haipewi?"

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa Kenya mlango wa patenti, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi wako peke yako kwa muda, uko wazi, lakini sio mlango ule ulousimamia wewe, manake barua yako nimeisoma mara mbili na nyingi ya maneno yako yako kwenye "kamera inayoona damu bila kugusa" na ile kadi umeitaja kama kitu kidogo cha kando. Mimi naona kadi ndio mali yako.

Kuona damu kwa kamera kumeshajulikana zamani. Kila moyo ukipiga damu inaongezeka kidogo chini ya ngozi, himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, inanyonya mwanga hasa wa kijani, basi rangi ya ngozi inabadilika kwa kiasi ambacho jicho halioni, mara nyingi hakifiki hata asilimia 1, lakini kamera ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde inakidaka. Verkruysse na wenzake walichapisha hivo mwaka 2008, tena kwa mwanga wa kawaida wa chumbani, na 2010 watu wa chuo cha MIT kule Marekani, Poh, McDuff na Picard, wakasoma mapigo ya moyo kwa webukamu. Ukienda upande wa leza, Fercher na Briers walionyesha njia ya kupiga picha ya mtiririko wa damu tangu 1981. Kwa hivo ukiandika ombi lako "kifaa cha kuonyesha damu kwa kamera bila kugusa" mkaguzi wa ofisi ya patenti hatahitaji hata nusu saa kulirudisha.

Sheria yetu ni ile ya Mali ya Viwanda ya 2001, na ofisi ni KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, kule Nairobi. Inataka vitu vitatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu, yaani mtaalamu wa kazi hio asingeufikia kirahisi tu, na uweze kutumika viwandani. Halafu kifungu cha 21 kinataja vitu ambavyo havihesabiwi kuwa uvumbuzi kabisa, na viwili vinakugusa wewe. Cha kwanza ni mbinu za hisabati, kwa hivo algorithimu yako ikiwa peke yake, namba zinaingia namba zinatoka, haipiti. Cha pili ni njia za kutibu mwili wa binadamu na njia za kutambua maradhi zinazoambatana nazo. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa kabla ya kumaliza kusoma, kwa sababu kifungu hichohicho kinasema isipokuwa bidhaa za kutumiwa katika njia hizo. Bidhaa! Kwa hivo njia ya kumpima mgonjwa haipewi, lakini chombo cha kumpimia kinapewa kikitimiza yale matatu.

Sasa tazama inavobadilika kwenye karatasi. Ukiandika hivi: "Njia ya kutambua kwamba mgonjwa wa sukari ana upungufu wa damu mguuni kwa kupiga vidio," umejifungia mwenyewe. Andika hivi: "Mfumo wenye kamera, kadi ya rekebisho yenye rangi kadhaa za ngozi nyeusi inayowekwa ndani ya picha, na prosesa iliopangwa kuchagua rangi inayokaribiana na ngozi iliopigwa, kuushikilia mwanga wa kamera kwa kiwango cha rangi hio usibadilike, kabla ya kurekodi, na kutoa ramani ya mapigo kwa kila pikseli." Daktari hayumo, ugonjwa haumo, kuna kitu cha kushikika kinachotatua shida ya kiufundi. Na shida yenyewe ni ya kweli, tena kubwa: melanini, ile inayoipa ngozi weusi, inanyonya mwanga kabla haujafika kwenye damu, ishara inakuwa dhaifu, na simu nayo ikijirekebisha mwanga katikati ya vidio inaharibu hata kile kidogo kilichobaki. Vifaa vingi vya kupima mwili kwa mwanga vimejaribiwa zaidi kwenye ngozi nyeupe, na nimefurahi kwa dhati kuona mtu wa Lamu ameanzia kwenye ngozi ya mamake badala ya kungoja atengenezewe.

Ila usifikiri kadi itapita hivihivi. Kadi za rangi za kurekebishia kamera ziko miaka na miaka, kwa hivo mkaguzi atasema "umechukua kadi ya wapiga picha ukaileta hospitali". Jibu lako lazima liwe kwenye ule mfuatano, kuchagua rangi kwa mujibu wa ngozi halafu kuushikilia mwanga wa kamera usibadilike kabla ya kurekodi, na uwe na vipimo vya kuonyesha ishara ilikuwaje bila kadi na ikawaje na kadi, mguu uleule, mwanga uleule. Bila hivo vipimo itakuwa maneno tu. Kabla ya yote ingia Espacenet, tovuti ya kutafutia patenti za nchi mbalimbali, ni bure, tafuta fungu A61B 5/026 ambalo ndilo la kupima mtiririko wa damu, uone nani katangulia na kadi.

Ukikuta hatua ya ubunifu ni nyembamba kuna cheti cha modeli ya matumizi, mdogo wake patenti, hakidai hatua ya ubunifu ila upya na matumizi, kinakaa miaka 10 badala ya 20. Si haba. Na maandishi ya programu yenyewe (code) yana hakimiliki yake mbali, hayategemei patenti.

Kuhusu maonyesho, hapa nataka uharakishe. Kenya inakupa miezi 12 tangu ulipoonyesha mwenyewe, ndani ya muda huo kuonyesha kwako hakuhesabiwi dhidi yako, na Marekani nao wana miezi 12. Miezi mitano imeshakwenda. Ulaya hawana huruma hio, ulichokionyesha hadharani kabla ya kupeleka ombi kimeshatoka mikononi, kwa hivo kama kule maonyeshoni ulieleza namna kadi inavofanya kazi, Ulaya isahau. Kama walichoona ni ramani ya rangi kwenye skrini tu na kadi hukuieleza, bado kuna cha kutetea, kwa hivo kaa chini uandike leo ulisema nini na nani alipiga picha ya nini. Ukishapeleka ombi la kwanza KIPI una miezi 12 ya kwenda nchi nyingine kwa tarehe ileile, kupitia PCT, mkataba wa kimataifa wa kuombea patenti nchi nyingi kwa ombi moja, ama ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare.

Na huyo rafiki yako nesi. Kuinua mguu na kuushusha madaktari wamekifanya siku nyingi, kwa hivo hilo pekee halimfanyi mvumbuzi. Lakini ukiliingiza kwenye madai, yaani ile sehemu ya ombi inayosema unalinda nini, mfano prosesa inamwambia mgonjwa lini ashushe na inalinganisha ramani mbili, na wazo hilo la kulinganisha lilitoka kwake, basi jina lake liwemo kwenye ombi. Muulizeni pia mwajiri wake mkataba unasemaje, kwa sababu uvumbuzi unaotokana na kazi mtu alioajiriwa kuifanya unaweza kuwa wa mwajiri. Yaandikeni makubaliano sasa mkiwa mnapendana, mtie sahihi nyote wawili, halafu ndio mtafute wakala wa patenti aliosajiliwa awaandikie hayo madai.