Pangeni Safari kwa Milo, Si kwa Kilomita

Marafiki wanaotaka kuzunguka Uganda kwa gari huniuliza kwanza habari za umbali. Kampala hadi Kabale ni kilomita ngapi? Tukitoka alfajiri tutafika saa ngapi? Jibu ni jepesi: ni kilomita 400 na ushei, na kwa mwendo wa adabu mtashinda barabarani kutwa nzima. Ila kwa anayekwenda kupumzika, hilo si swali la kuanzia. Mimi huanza na chakula. Chai mtainywa wapi, mchana mtakula wapi, na jioni mtaketi wapi kuota moto wa nyama? Mkishapata majibu hayo, kilomita zinajipanga zenyewe.

Naishi Kampala, na barabara ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kusini-magharibi inayopita Masaka, Mbarara hadi Kabale. Naipenda kwa sababu inakupitisha kwenye majiko matatu tofauti. Unaanza Buganda kwenye matoke na luwombo (kitoweo cha jani la mgomba), unaingia Ankole kwenye karo (ugali wa ulezi), siagi na maziwa, kisha unapanda milima ya Kigezi kwenye viazi na baridi. Anayeikimbia barabara hii kwa siku moja anafika Kabale amechoka, mgongo unauma, na hajaonja kitu zaidi ya soda na biskuti za kituo cha mafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuikata njia vipande. Laleni hifadhi ya Ziwa Mburo, kabla ya Mbarara, mkiweza hata usiku wa pili. Kisha nendeni Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, mkae mpaka mchoke kukaa. Msiongeze hifadhi za Bwindi wala Queen Elizabeth kwa sababu tu ramani inaonyesha ziko jirani. Kule nendeni safari nyingine. Likizo ya kuhama kila asubuhi ni kazi ya kufunga na kufungua mabegi.

Kabla hamjawasha gari, malizeni habari ya pesa. Hapa sitaki kupita haraka, maana nimeona urafiki wa miaka mingi ukinuna kwa ajili ya mafuta ya gari. Wekeni mfuko mmoja. Kila mtu achange kiasi sawa kabla ya kuondoka, na mfuko huo ulipe mafuta, viingilio, malazi na milo ya pamoja. Bia, zawadi na mambo ya mtu binafsi kila mmoja ajilipie. Chagueni mtunza mfuko mmoja asiyeona haya kusema "hapana", na kila jioni awasomee wenzake kilichotumika. Mwenye gari pekee apunguziwe fungu la mafuta, kwa sababu tairi zinazolika ni zake. Na mtunza mfuko awe na noti ndogondogo. Pesa za simu zinapokelewa karibu kila mahali, lakini mama anayeuza ndizi za kuchoma dirishani, huku gari la nyuma linapiga honi, hana nafasi ya kungoja ujumbe uingie.

Halafu idadi. Gari la Noah huwa na viti saba au vinane, lakini kwa safari ya raha wapande watano. Viti vya nyuma vilazwe, hapo patakaa mabegi, jiko la mkaa, boksi la barafu na, mkirudi, mikungu ya ndizi. Dereva wawe wawili wanaopokezana. Anayeendesha leo hanywi pombe leo, hilo lisijadiliwe. Hakikisheni pia leseni, bima, spea iliyojaa upepo, jeki, kizima moto na zile pembetatu za kuakisi vipo kweli, maana askari wa barabarani wataviulizia, na hata wasipoulizia ni vyenu.

Tokeni Kampala kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa, foleni ya Busega hadi Kyengera, unapotoka mjini, itakula subira yako yote kabla hujaona shamba hata moja. Bebeni chupa ya chai na msihangaike na kifungua kinywa mjini. Baada ya Mpigi mtapita Mpambire, wanakotengeneza na kuuza ngoma za Kiganda kando ya barabara. Simameni hata kama hamnunui, msikie ngoma mpya inavyojaribiwa. Mbele kidogo ni Kayabwe, penye mstari wa ikweta na zile duara nyeupe za kupigia picha. Wapo vijana watakaowaonyesha maji yakizunguka upande huu na upande ule wa mstari. Watazameni kwa furaha na muwape chochote, lakini msiwaambie watoto kuwa hiyo ni sayansi. Hatua chache kutoka kwenye mstari haziwezi kugeuza maji ya beseni. Hapo tafuteni chapati ya mayai, rolex, ikunjwe mbele yenu ikiwa na nyanya na kabichi, na chai yenu imiminwe.

Ukitoka hapo unashuka Lwera, tambarare ya majimaji ya Ziwa Victoria, samaki wananing'inia kando ya lami: sato, kambare, na kamongo, ambaye baadhi ya Waganda hawamli. Msinunue mkienda. Samaki mbichi ndani ya gari lenye safari ya siku nzima ni adhabu kwa wote. Sehemu hiyo pia ina tabia ya kufurika. Mei 2023 mafuriko yalivunja barabara kwenye daraja la Mto Katonga, na magari yakazungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Kwa hiyo mkisafiri miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, ulizieni hali ya njia siku moja kabla.

Sasa Lukaya. Gari likipunguza mwendo tu, wauzaji waliovaa makoti watalizingira na mishikaki ya kuku, maini, ndizi za kuchoma zinazoitwa gonja, na chupa za maji. Wasafiri wengi hununua palepale dirishani, wakala kuku aliyepoa. Ninyi egesheni gari vizuri, shukeni, mwende mpaka kwenye majiko. Msalimieni muuzaji, "nnyabo" kwa mama na "ssebo" kwa bwana, kwanza salamu ndipo bei. Mchagueni kuku mwenyewe, paja lililochomekwa kwenye kijiti, kisha mwombe alirudishe motoni. Mafuta yataanza kudondoka, moshi utapanda, ngozi itakaza na kuwa kahawia. Gonja nayo isiwe ya njano iliyopauka. Tafuteni ile iliyoiva mpaka sukari yake imeungua pembeni ikawa nyeusi, ndani laini. Kuku ana chumvi na gonja ina utamu, ukiviuma pamoja huhitaji sosi yoyote. Wenzetu Waislamu waulize mchinjaji ni nani. Ni swali la kawaida, na hakuna anayechukia kuulizwa.

Mkila Lukaya mkienda, basi Masaka mpiteni. Iwekeni kwa siku ya kurudi, kwa sababu luwombo inataka tumbo tupu. Ni nyama, kuku au karanga zilizofungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, zikapikwa kwa mvuke taratibu mpaka mchuzi na jani vikaelewana. Huletwa ikiwa bado imefungwa. Ukifungua, mvuke wa kwanza una harufu ya jani na moshi, na mchuzi wa karanga umekuwa mzito kiasi cha kushika tonge la matoke. Mimi huchagua ya kuku na karanga. Watakaosafiri mwezi wa Novemba watakuta pia nsenene, wale panzi wa kuliwa. Rafiki yetu wa Bukoba, aliyevuka mpaka wa Mutukula akatukuta Masaka, alinunua mfuko mzima, akabishana na muuzaji jinsi ya kuwakaanga, na kabla ya Lyantonde mfuko ulikuwa mtupu.

Ziwa Mburo ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba kama 370, na udogo wake ndio neema yake. Haina tembo. Ina punda milia wengi, swala pala, pofu, nyati, viboko, na twiga walioletwa kutoka Murchison mwaka 2015. Mnaweza kutembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi, jambo ambalo si kila hifadhi inakubali. Nimetembea pale asubuhi, umande bado uko majanini, punda milia wakainua vichwa kututazama kisha wakaendelea kula. Mchana pandeni boti ziwani. Jioni ni ya nyama: inunueni Lyantonde au Sanga mchana, iwe ya ng'ombe wa Ankole, yenye mafuta kidogo, ikae kwenye barafu na chumvi na ndimu tu. Hapo ndipo jiko la mkaa mlilobeba linalipa nafasi yake. Chakula msikiache nje usiku, maana ngiri na nyani hawaombi ruhusa, na viboko hutoka majini kula nyasi, kwa hiyo hakuna kuzurura gizani.

Mbarara ni ya mlo wa mchana, mlo mmoja, lakini msiuruke. Agizeni karo na eshabwe. Eshabwe ni siagi ya ng'ombe iliyopigwa na maji na chumvi ya mwamba mpaka ikawa nyeupe na laini kama maziwa mgando. Huliwa ya baridi. Kwa mgeni tonge la kwanza ni la mashaka, hana hakika kama anakula mchuzi au mafuta. La pili linamwelekeza. Kufikia la tatu anauliza kama kuna nyingine. Shushieni na bongo, maziwa yaliyoganda, na msiwe na haraka, kwa sababu baada ya hapo ni kulala garini wakati mwenzenu anaendesha.

Jambo moja la vyakula vya hotelini: sehemu nyingi jiko huanza kazi mkishaagiza. Tumewahi kuketi kwenye hoteli moja njaa ikigeuka ugomvi, mpaka kuku akaja jua linazama. Dawa yake ni kupiga simu asubuhi, kusema mko wangapi, mtakula nini, saa ngapi. Tangu tulipoanza kufanya hivyo hatujawahi kungoja.

Kutoka Mbarara kwenda Kabale njia inapanda na kona zinaongezeka. Malori ya kwenda Rwanda na Kongo ni mazito, hupanda polepole na baadhi hayana taa za nyuma. Msiendeshe usiku. Nasema hivyo hata kama mmebakiza kilomita 40 tu. Usiku kuna ng'ombe, kuna bodaboda zisizo na taa, kuna matuta yasiyo na rangi. Giza likikaribia, laleni mlipo. Anayewangoja Bunyonyi atawangoja hata kesho.

Na Bunyonyi yenyewe? Ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima vilivyokatwa matuta ya mashamba mpaka kileleni, na visiwa vimetawanyika katikati. Hakuna viboko wala mamba, watu wanaogelea, ila ni lenye kina, basi vaeni maboya hata anayejisifu kuogelea. Bebeni sweta zito. Mtu wa Mombasa tuliyekwenda naye alilala na soksi na kofia. Chakula cha hapa ni kamba wadogo wa maji baridi, krefishi, wanaovuliwa ziwani humohumo. Waombeni kwa mchuzi mzito wa nyanya na pilipili, pamoja na viazi vya Kabale. Mnakula kwa mikono, mnavunja maganda, mnanyonya, na mazungumzo yanarefuka kwa sababu hakuna anayeweza kula hivi kwa haraka. Mchana kodini mtumbwi mzunguke visiwa. Nahodha atawaonyesha Akampene, kisiwa kidogo ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe. Msikilizeni kwa heshima, na msipige picha za kuchekacheka pale.

Siku ya kurudi msiifanye Jumapili, hasa mwisho wa Pasaka au Krismasi. Foleni ya kuingia Kampala kutoka Nsangi itawarudishia uchovu wote mliouacha. Rudini Jumatatu, au laleni Masaka mwingie asubuhi. Viazi nunueni Kabale kabla hamjashuka, ndizi Mbarara na Lyantonde, na samaki wa Lwera mwisho kabisa, mkiwa na barafu mpya kwenye boksi. Mtunza mfuko asome hesabu ya mwisho mkiwa bado mezani Masaka, na kilichobaki kigawanywe palepale, kabla ya mtu wa kwanza kushuka Busega.