Usiroweke vakyumu ya babu kwenye magadi

Hii mashine ilikuwa ya babu. Babu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge huko upande wa Muheza, mzungu alipoondoka akaacha vitu kibao na babu akarudi nyumbani na vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi, Hoover ile ya kusimama yenye mfuko wa kitambaa nyuma na mwili wa aluminiamu mzito kama sufuria la shughuli. Bibi hakuwahi kuitumia hata siku moja, sakafu ya saruji na ufagio wa chelewa upo, vakyumu ya nini sasa? Ikakaa juu ya kabati Ngamiani miaka nenda miaka rudi mpaka ikawa ya kijivu ina vidoa vya unga mweupe. Upepo wa bahari wa hapa Tanga una chumvi, na chumvi na aluminiamu haziivi chungu kimoja.

Basi mi nikajifanya fundi. Si sufuria likiwa chafu tunalisugua na majivu? Nikaongeza na akili yangu, nikafungua lile kofia la mbele nikaliroweka kwenye beseni la maji ya moto na magadi, usiku kucha. Asubuhi nalitoa, jeusi. Sio chafu, jeusi tii. Bibi akachungulia beseni akaniuliza, "Mjukuu wangu, umelipika?"

Nilikuja kuelewa baadae. Aluminiamu ina gamba jembamba sana juu ambalo ndo linailinda, sasa magadi, majivu na zile dawa kali za kusafishia oveni zinalila hilo gamba kisha zinaendelea na aluminiamu yenyewe. Sufuria unalisugua dakika mbili unasuuza kwa hiyo huoni madhara, ila ukiroweka usiku mzima umejitakia. Na ndimu na chumvi ziachie madele ya kahawa, hiyo ni dawa ya shaba.

Kwa hiyo kabla hujashika tambara, jua unasugua nini. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Ikinasa ni chuma kilichopakwa nikeli au kromu, mara nyingi ni ule mpini, skrubu na vyuma vya magurudumu. Isiponasa, na kitu chenyewe ni chepesi cha kijivu, hiyo ni aluminiamu. Kromu inang'aa kwa weupe unaoelekea bluu, nikeli ina unjano kidogo, na mashine za kabla ya miaka ya 1930 nyingi ni nikeli. Nikeli isugue kwa huruma maana ni tabaka jembamba tu, ukizidisha linaisha, na halirudi mpaka upeleke kwa watu wa kupaka upya kwa umeme.

Umeme, ndio. Chomoa waya, na usiichomeke kuijaribu kabla hujasoma kibati chenye jina na volti zake, kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni volti 110 hivi, ukiziingiza kwenye 230 zetu unasikia harufu tu. Na hicho kibati kizibe na tepu ya karatasi kabla ya kuanza!! Maandishi yake mara nyingi ni rangi tu juu ya bati, polishi inayafuta yote, nimeshaona mashine nzuri haina jina. Matundu ya mota nayo ziba, polishi ikiingia mle na vumbi inakuwa matope.

Sasa kazi yenyewe. Mi kofia langu jeusi nililirudisha kwa msasa wa maji, nikaanza na namba 400 kwa sababu lilikuwa limeharibika sana, kama lako limefifia tu anza na 1000 au nenda moja kwa moja kwenye polishi, usianze na mkali ukajitengenezea mikwaruzo ya kuifuta wiki nzima. Kutoka 400 nikaenda 800, 1200, 2000, kila namba unabadilisha upande wa kusugua, huu kulia kushoto, unaofuata juu chini, ili uone mikwaruzo ya mwanzo imeisha kweli. Stilwaya ya jikoni weka mbali kabisa. Kisha polishi ya metali kidogo kwenye kipande cha fulana ya pamba, na tambara litakuwa jeusi, usiogope ukadhani bado chafu, aluminiamu ndivyo ilivyo, hata ukisugua mpaka Idd litatoka jeusi. Ukiona inang'aa acha. Mafuta ya polishi yaliyobaki kwenye kona nayatoa na unga wa ngano mkavu na tambara safi, unga unayanyonya vizuri sana.

Halafu kuna hili la katani. Viwandani wanang'arisha metali kwa magurudumu ya nyuzi za mkonge, kisha ndo wanamalizia na pamba. Yaani sisi tunalima mkonge tangu 1893, nyuzi zimejaa, mi napiga braso na vidole! Nikafunga kishungi cha katani, nikakitumia na polishi kwenye zile kona za kofia ambazo tambara halifiki. Kinakata haswa. Kwenye nikeli usithubutu.

Mpini wa kromu wenye kutu ndogondogo: karatasi ya foili, ichovye maji, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu kwa hiyo inatoa kutu haichubui. Basi.

Mwisho paka nta, hata waksi ya gari, na kwa tunaokaa karibu na bahari rudia kila miezi miwili mitatu la sivyo ule unga mweupe unarudi.

Upande wa ndani wa kofia sikuugusa, bado mweusi vilevile. Mtu akiniletea mashine yake akasema ameshaanza na magadi kidogo, nafungua skrubu mbili namwonyesha.