Maswali ya seva ya imeli: rilei wazi, spamu na orodha nyeusi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wanaoendesha seva zao za imeli wenyewe, na shida ni ile ile inakuja kwa sura tofauti, seva inatuma vitu ambavyo mwenyewe hajatuma. Nimeyafupisha kidogo, twende.

Nimeambiwa seva yangu ni rilei wazi. Nitajuaje kama kweli?

Rilei wazi ni seva inayopokea barua kutoka kwa mtu isiyemjua, inayokwenda kwa mtu isiyemjua, na inaipeleka tu bila kuuliza. SMTP, lugha ya seva za imeli kupelekeana barua, ilipoandikwa 1982 hilo halikuwa kosa, mtandao ulikuwa wa watu wachache na seva kupokezana barua ilikuwa ustaarabu. Siku hizi kuna roboti zinatafuta seva za hivyo usiku na mchana.

Kupima ni lazima uwe nje ya mtandao wako, na hapa ndipo wengi wanajidanganya, mtu anapima akiwa ndani ya seva yenyewe wakati seva inamwamini kila aliye ndani, sasa hapo umepima nini? Tafuta mashine ya nje isiyozuiwa poti 25 (mlango ambao seva hupokelea barua kutoka seva nyingine), unganisha, andika amri za SMTP kwa mkono, anza na EHLO ya salamu, usilogini, weka MAIL FROM (mtumaji) ya adresi ya nje na RCPT TO (mpokeaji) ya adresi yako nyingine iliyo kwenye domeini ya watu. Ukijibiwa 554 na maneno "Relay access denied", mlango huo umefungwa. Ukijibiwa 250 malizia kutuma uone kama inafika kweli, maana zipo seva zinaitikia halafu zinatupa kimya kimya. Ikifika, funga poti kwanza, mengine utasoma baadaye.

Natumia Postfix, programu ya seva ya imeli, niguse wapi?

Sehemu mbili. Ya kwanza ni `smtpd_relay_restrictions`, sheria za nani aruhusiwe kupitisha barua, ipo tangu toleo la 2.10, iwe na permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, halafu reject_unauth_destination. Ya pili ni `mynetworks`, orodha ya IP zinazoaminiwa bila kulogini, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayoua watu wengi zaidi. Isizidi 127.0.0.0/8 na [::1]/128, yaani seva yenyewe tu, kama huna sababu ya kuongeza. Kuna watu wanaweka 0.0.0.0/0, yaani IP zote, ili printa ya ofisi iweze kutuma skani, yaani umeuamini ulimwengu mzima kwa ajili ya printa!

Na mnaotumia Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena) sikilizeni, kuna mipangilio ambayo kila anayeingia kutoka nje anaonekana kama ametoka kwenye IP ya geti la Docker, mfano 172.17.0.1, sasa kama mynetworks yako ina 172.16.0.0/12 basi kila mtu duniani ni mtu wa nyumbani na konfigi ukiisoma inaonekana safi kabisa. Angalia logi kwenye mistari ya "connect from", ukiona wageni wote wana IP moja ya ndani, umeshapata jibu.

Watumiaji wako watume kwa poti 587 au 465, kwa kulogini na TLS (usimbaji wa muunganisho). Poti 25 iachie seva zinazokuletea barua, zima kulogini huko.

Rilei nimefunga, kipimo kinasema safi, lakini spamu bado zinatoka. Wanapitia wapi?

Wanapitia mlango halali, mkuu. Kuna akaunti ya mtu imeibiwa paswedi, na seva inamtumia mwizi kwa adabu zote kwa sababu amelogini. Kwa ninavyoona kesi hizi sasa ni nyingi kuliko rilei wazi.

Piga `mailq` uone foleni ya barua, chukua namba ya barua moja, ifungue kwa `postcat -q`, kisha tafuta namba hiyo hiyo kwenye logi uone mstari wenye sasl_username, jina la aliyelogini. Jina litakalotokea ndilo akaunti iliyoibiwa. Badili paswedi, ristati Dovecot (programu ya visanduku vya barua na kulogini) na Postfix ili aliyekuwa ameshaingia atoke, halafu futa barua zake kwenye foleni, zake tu, usikimbilie `postsuper -d ALL` inayofuta foleni nzima, maana humo kuna barua za watu wengine zinasubiri.

Kama hakuna sasl_username ila unaona pickup (barua iliyotumwa na programu ya ndani ya seva hiyo hiyo) na uid=33, kwenye Debian na Ubuntu huyo ni www-data, akaunti ya seva ya wavuti, yaani tovuti yako ndiyo inatuma. Mara nyingi ni fomu ya mawasiliano au plagini ya zamani. Washa `mail.add_x_header` kwenye php.ini, barua zitakazofuata zitabeba jina la skripti iliyozituma.

Kikomo cha kutuma nacho weka, ila `smtpd_client_message_rate_limit` inahesabu kwa IP ya anayeunganisha, na mwizi anakuja na IP mia, kila moja inatuma barua mbili tatu. Unataka kikomo kwa akaunti, na hiyo inahitaji huduma ya policy pembeni, programu ambayo Postfix inaiuliza kabla ya kukubali barua.

Nipo kwenye orodha nyeusi ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha IP zinazotuma spamu, natokaje?

Kwanza soma uko kwenye ipi, zen yao ni kapu la orodha kadhaa, unaiuliza kwa DNS (mfumo wa kutafuta majina ya mtandao) nayo inajibu kwa namba. Jibu la 127.0.0.2 ni SBL, vyanzo vya spamu, 127.0.0.4 ni XBL, hiyo kwa kawaida ni mashine yenye virusi au iliyodukuliwa. 127.0.0.10 na 11 ni PBL, na hiyo wala si tuhuma, inasema IP za aina yako, kama za intaneti ya nyumbani, hazitakiwi kutuma moja kwa moja. Dawa ni kutuma kupitia seva ya mtoa huduma wako.

Kuondolewa Spamhaus ni bure. SpamCop, orodha nyingine kama hiyo, yenyewe inakuondoa malalamiko yakikoma. Ila usiombe kutolewa wakati tundu bado liko wazi, utarudishwa na safari ya pili unasikilizwa kwa shida.

Nimeweka zen kuzuia spamu, sasa seva inakataa barua zote, hata za wateja!

Bila shaka DNS yako ni 8.8.8.8 au nyingine ya umma. Spamhaus haijibu maswali yanayopitia huko, inarudisha 127.255.255.254, na seva yako inadhani kila mtu ni spama. Weka resolva yako mwenyewe (programu inayouliza DNS kwa niaba ya seva), Unbound inatosha, na kwenye Postfix andika `zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]` ili majibu mengine yapuuzwe.

Orodha zote nimetoka, mbona Gmail bado inanitupa kwenye spamu?

Gmail ina kumbukumbu zake, haitegemei orodha hizo tu. Hakikisha PTR ya IP (rekodi ya DNS inayotoa jina la IP) inalingana na jina la seva, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutumia domeini yako) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) zinapita, na SPF isizidi maulizo 10 ya DNS. Tangu Februari 2024 wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wanatakiwa pia wawe na DMARC (agizo la domeini la nini kifanyike SPF na DKIM zikishindwa), na malalamiko ya spamu yasifike 0.3%. Jisajili Postmaster Tools, zana ya Google ya kuona sifa ya domeini yako, tuma kidogo kidogo kwa watu wanaokusubiri.

Si nibadili IP tu yaishe?

Akaunti iliyoibiwa umeshaifunga? Kama bado, IP mpya nayo itaingia orodhani, na domeini yako ina rekodi yake popote unapohamia.