Mashine ya boti mara inawaka, mara inagoma: usinunue stata bado

Ndugu wa Usenge, nimesoma shida yako. Boti ya faiba, mashine ya nguvu za farasi 40. Asubuhi inawaka vizuri, lakini ukishashusha abiria kisiwani Mageta na kuzungusha ufunguo inapiga "tak" moja na kunyamaza. Ukiiacha kidogo inawaka kana kwamba haijawahi kugoma. Fundi mmoja kasema stata (ile mota ya umeme inayozungusha mashine iwake), mwingine kasema betri, betri mpya umenunua na shida iko palepale. Mimi nabeba watalii ziwani kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, na mashine zetu huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku kuliko za wavuvi, kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua. Weka pesa ya stata mfukoni kwanza.

Hitilafu inayokuja na kuondoka mara nyingi iko kwenye kiungo, pale waya unaposhikana na kitu kingine. Shida ni kwamba viungo hivi vinapimwa wakati usiofaa. Fundi anaweka mita ya umeme kwenye betri mashine ikiwa imetulia, anasoma volti 12.6, anasema umeme upo. Sawa, upo, lakini wakati huo hakuna mkondo wa maana unaopita. Stata ya mashine kama yako huvuta zaidi ya ampea 100. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ambao mita ya bei ya kawaida hata haiuoni vizuri, kitameza volti 5 mkondo wa ampea 100 ukipita. Betri ina 12, stata inapata 7, haizunguki. Ukiachia ufunguo mkondo unakatika na mita inarudi 12.6. Ndiyo maana kila mtu anasema betri ni nzima na boti bado haiendi.

Sasa sikiliza mlio, kwa sababu kuna njia mbili za umeme hapo. Njia nyembamba inatoka betri, inapita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi ya nyutro (inayozuia stata kuzunguka gia ikiwa imeingia), kisha inaamsha solenoidi, yaani swichi kubwa inayofungulia stata umeme. Njia nene inatoka betri kupitia solenoidi hadi stata, na kurudi kwa waya mweusi kutoka kwenye bodi ya mashine. Kimya kabisa huku taa na geji ziko hai: tafuta kwenye njia nyembamba. "Tak" moja nzito kama yako: solenoidi imeamka, tafuta kwenye njia nene. "Tak-tak-tak" ya haraka: betri imeishiwa, au kiungo kikubwa kimelegea. Na jambo moja ambalo hukusema, ukizungusha ufunguo geji na taa huzimika? Kama huzimika, kosa liko karibu na betri yenyewe, mahali ambapo kila kitu kinachota.

Kabla ya kupima, weka gia nyutro, toa tangi la petroli mbali, fungua kifuniko mvuke utoke. Kwenye mashine nyingi ukivuta kile kikamba cha usalama cha kujifunga mkononi, stata bado inazunguka lakini plagi hazichomi, kwa hiyo mashine haiwaki ukiwa umeinama juu yake. Hakikisha yako iko hivyo. Na tafadhali, usiunganishe vichwa vya solenoidi kwa bisibisi kama nionavyo vijana wakifanya ufukweni. Cheche karibu na petroli ni hatari, halafu hapo umeiruka swichi ya nyutro. Gia ikiwa imeingia boti itaruka na wewe.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mwenzako azungushe ufunguo na kuushikilia sekunde chache huku wewe ukisoma. Pima hivi:

Kwanza, pini zote mbili za mita kwenye vichwa vya betri, yaani ile risasi yenyewe, si kibanio kilichoshika juu yake. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka hapo, betri haina nguvu, hata kama ni mpya. Ikibaki 12 na stata haizunguki, betri haina kosa, umeme unazuiwa njiani au ndani ya stata.

Kisha pini moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine, kisichopakwa rangi. Isizidi 0.2 au 0.3. Halafu kutoka kichwa chanya hadi nati ya stata: isizidi nusu volti. Ukiona volti 2, 3, sogeza pini kiungo kwa kiungo: risasi hadi kibanio, kibanio hadi waya, waya hadi solenoidi, upande huu wa solenoidi hadi ule. Mahali namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo. Ikiruka kwenye solenoidi yenyewe, ndani imeungua, badilisha; ni rahisi kuliko stata.

Vipimo hivi vina maana boti ikiwa imegoma. Kwa hiyo beba mita hadi Mageta. Kupima asubuhi nyumbani wakati inawaka hakukwambii kitu.

Kwangu kosa lilikuwa kwenye waya mweusi, ndani ya ala ya plastiki karibu na pete ya shaba, pale unapokunjwa kwenda nyuma ambapo maji ya ndani ya boti husimama. Kwa nje ulikuwa mzuri. Tulipochana ala, shaba ilikuwa kijani na nyuzi nyingi zimekatika. Ikipata joto inaachia, ikipoa inashika. Watu hudhani kwa kuwa maji yetu si ya chumvi kama ya Mombasa, shaba haiozi. Inaoza, polepole tu, na mtikisiko unamalizia kazi. Zile nati za masikio zinazokazwa kwa vidole ziondoe leo hii, weka nati za kukaza kwa spana na washa ya kuzuia kulegea. Sugua risasi na kibanio kwa msasa hadi ving'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi kwa juu.

Rafiki yangu wa Mbita yake ilikuwa kimya kabisa, na dawa ikawa kubadilisha swichi ya nyutro ndani ya boksi la mkono wa gia. Alikuwa akitikisa mkono wa gia kidogo huku ameshika ufunguo, inawaka. Ukiona hivyo huna haja ya kutafuta kwingine.

Kuhusu stata: kama vipimo vyote viko sawa, volti 11 zinafika kwenye nati yake na bado haizunguki, hapo sasa ni yenyewe. Ukiigonga taratibu kwa mpini wa spana ikazunguka, brashi za kaboni zimeisha. Mafundi wa Kibuye, Kisumu, hubadilisha brashi peke yake, usikubali kuuziwa stata nzima kabla haijafunguliwa.

Halafu betri yako. Kama vijana wanaiazima usiku kwa taa za kuvulia omena, wakataze. Betri ya kuwashia mashine haikuundwa kumwagwa hadi mwisho, na safari fupi za mwendo mdogo haziijazi tena. Radio, pampu na taa navyo visirundikwe kwenye kibanio kimoja na waya wa mashine. Kila pete unayoongeza ni kiungo kingine cha kulegea.

Ikigoma tena niandikie hapa namba tatu: ya vichwa vya betri, ya hasi hadi bodi, ya chanya hadi stata, zote ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Na useme kama geji ilizimika.