Jibu: Kwa nini nalazwa raundi ya kwanza kwenye UFC 5, gemu ya mapigano?
Mkuu, umesema unaanza vizuri halafu unaangushwa kabla raundi ya kwanza haijaisha. Hapo tatizo ni pumzi. Ngumi inayokosa inakula pumzi kuliko inayotua, na ukishaishiwa, hata ngumi ya kawaida inakulaza. Kama unatumia PS5, wiki hii shika vitufe vya mraba na pembetatu tu: jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele), ngumi moja kali ya mkono wa nyuma, rudi nyuma, bana kitufe cha R2 ujikinge uso. Ukiona baa ya pumzi imeshuka nusu, acha kabisa kurusha, zunguka. Mpinzani mpige sana mateke kwenye mguu wake wa mbele, ataanza kuchechemea. Ukichanika usoni jilinde mno, daktari anaweza kusimamisha pambano. Ya kupigana chini tutaongea kesho, yana mambo yake.