Gari linawaka likisukumwa, kwa stata linagoma: ninunue kabureta mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, silinda nne, 2,286 cc. Nimelikata bodi, nimeondoa bati zote za nyuma, nataka liwe gari la kutembelea Raskazone Jumapili. Silinda hedi nilipeleka ikachongwa ili injini iwe na nguvu. Betri nimeihamishia nyuma, mbele pawe pasafi. Tangu nimalize, asubuhi stata inazunguka kivivu mpaka betri inakufa. Vijana wakilisukuma kidogo tu linawaka. Siku nyingine linashika pale pale ninapoachia ufunguo. Plagi nimebadilisha mara mbili. Fundi wangu hapa Chumbageni, Tanga, anasema kabureta imechoka. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba, kijana. Hela ya kabureta iache mfukoni kwanza. Ugonjwa umeshautaja mwenyewe, mara mbili, ila ukaupita haraka kukimbilia plagi.

Tuanze na kusukumwa. Kabureta iliyochoka haijui kama injini inazungushwa na stata au na vijana wanne wa mtaani. Ingekuwa mbovu, wangelisukuma mpaka Ngamiani na lisingewaka. Likiwaka kwa hatua chache, maana yake petroli inafika, cheche ipo na taimingi (wakati wa cheche kuruka) haiko mbali. Kinachobadilika ni kimoja tu: stata haifanyi kazi, kwa hiyo umeme wote wa betri unabaki kwa koili, inayotengeneza cheche.

Na hilo la kushika unapoachia ufunguo ndilo linalomaliza ubishi. Stata ya injini kama hii huweza kuvuta ampea 150 hadi 200. Koili inataka kama ampea 4 tu, lakini wote wawili wanakula sahani moja. Njia ya umeme ikiwa nyembamba, mkubwa anakomba, mdogo anabaki na volti 7 au 8, na cheche ya hapo haiwashi mchanganyiko wowote. Ukiachia ufunguo stata inanyamaza, injini bado inazunguka kidogo kwa uzito wa flaiwili, volti zinapanda ghafla, cheche inaruka, gari linawaka. Wenye magari wengi huona hiyo ni bahati.

Sasa, betri ulipoihamishia nyuma ulitumia waya gani? Nina hakika hukuniambia kwa sababu hukuona kama ni jambo. Mita 3 za waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, zikipitisha ampea 200, zinapoteza karibu volti 1 njiani. Hiyo ni kwa waya mzima, haijahesabu vichwa vilivyogongwa kwa nyundo wala nati iliyoshika kutu. Waya wa milimita 50 za mraba, urefu ule ule, unapoteza volti 0.2 tu. Waya mnene wa mashine ya kuchomelea, wa shaba tupu, unafaa sana, mradi uupitishe mbali na bomba la moshi na uuvalishe mpira kila unapopenya bati.

Lakini usikate waya kabla ya kupima. Chomoa waya mnene wa katikati ya kifuniko cha distributa (kile kinachogawa cheche kwa plagi), ncha yake uifunge kwenye bloku ili gari lisiwake. Mwenzako apige stata sekunde chache, wewe ushike mita. Kwanza kwenye vichwa vya betri vyenyewe: ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka au haikujaa. Halafu kati ya hasi ya betri na bloku ya injini: isizidi volti 0.3. Mwisho kati ya chanya ya betri na boliti kubwa ya stata: isizidi volti 0.5.

Mimi naweka dau kwenye kipimo cha pili. Mtu akitengeneza gari la mapambo hupaka chesisi rangi nzuri, kisha anafunga ethi, yaani waya wa hasi ya betri, juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, ndipo upake grisi juu, maana upepo wa bahari hapa Tanga hausamehe chuma kilicho wazi. Tena injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima uwepo waya mwingine mnene kutoka chesisi hadi kwenye bloku au giaboksi. Bila huo, umeme wa stata utajitafutia njia kwenye kebo ya choki, nayo nimewahi kuiona ikitoa moshi.

Hedi nayo ina neno. Ikichongwa inashuka, rokaa (vyuma vinavyobonyeza valvu) zinazisogelea fimbo zake, na nafasi ya tapeti, yaani pengo kati ya rokaa na valvu, inapungua. Valvu isipofunga sawasawa, kompresheni uliyoitafuta kwa kuchonga inatorokea hapo hapo. Rudisha nafasi za valvu zote, za kuingiza na za kutoa, kwenye milimita 0.25. Na kama stata inazunguka, inagonga, inasimama, inazunguka tena, taimingi imewekwa mbele mno. Irudishe nyuma kidogo.

Pointi za distributa, zinazokata na kuunga umeme wa koili, ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Kifuniko kifute ndani asubuhi kabla ya kuwasha. Umande wa chumvi nao unapitisha umeme. Choki ivute kidogo tu, hapa si Lushoto mwezi wa Julai. Gari likilala wiki nzima, pampu petroli kwa ule mkono mdogo ulio chini ya pampu kabla ya kugusa ufunguo.

Kama hendeli ya kuwashia unayo, itumie pia: likiwaka kwa mkono wakati stata imeshindwa, ni ushahidi ule ule wa kusukumwa. Ila kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na taimingi uirekebishe kwanza. Injini ikirudi nyuma inavunja mkono.

Niletee namba tatu za mita. Ya bloku ikiwa juu ya 0.3, nitajua rangi hukuikwangua.